Mkono wa Kushoto wa Mzee Kibuyu

"Mwambieni Erasmus aje akae kwenye kiti changu," Mzee Leonidas alisema. "Si ndiye anayejua kuwa mimi kuliko mimi mwenyewe?"

Maneno hayo yalisafiri kutoka Mabawe mpaka Dar es Salaam kwa simu ya Agness, na Agness hakuyatia sukari hata chembe. Alimweleza kaka yake kwamba wageni wa posa yake kutoka Biharamulo wanakuja Jumamosi, kwamba mbuzi ameshapatikana na soda zimeshaletwa, na kwamba baba amesema hatoki chumbani. Hatoki, basi. Kisha akamwambia kwamba yeye hajalia bado ila akikata simu atalia, na akakata simu.

Erasmus wakati huo alikuwa amekaa mbele ya kioo, binti wa vipodozi akimgandishia ndevu za mvi kidevuni. Bila ndevu hizo ni kijana wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, mtaratibu, ambaye hata bia hanywi. Akishazivaa anakuwa Mzee Kibuyu, mlevi wa tamthilia ya *Uani kwa Mama Salome*, na Mzee Kibuyu hahitaji kutambulishwa. Watoto wanamwiga shuleni, makondakta wanamwiga stendi. Ana mambo yake yanayowavunja watu mbavu. Hapiti mlangoni bila kuvua kofia na kuuamkia mwimo wa mlango, shikamoo mwenye nyumba. Akitembea gizani huimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, utadhani anambembeleza mtu. Na mkono wake wa kushoto haushuki kamwe: ameukunja, kiwiko ubavuni, kiganja juu, na apepesuke atakavyopepesuka, mkono huo uko palepale.

Na yote hayo, jamani, aliyaiba nyumbani kwao.

Watu hudhani waigizaji hutoka mahali pamoja, kama maharage ya gunia moja. Wapi! Katika tamthilia ile Mama Salome alitokea kwaya, mumewe alisomea sanaa Bagamoyo na haachi kuwakumbusha wenzake, yule binti mrembo aliletwa na mashindano ya urembo, na anayecheza mchungaji alikuwa kinyozi wa mwongozaji. Erasmus alitokea Nyakanazi, pale njia panda. Matokeo ya kidato cha nne yalipomtazama kwa jicho baya, alishuka huko akawa utingo wa malori, na jioni madereva wakisubiri ugali vibandani aliwaigizia askari wa mizani, wapiga debe na paroko mwenye mafua. Dereva mmoja aliyecheka mpaka akamwaga mchuzi alimchukua mpaka Dar akamkabidhi kwa kikundi cha maigizo. Huko alibeba spika, akachemsha chai, akacheza mlinzi wa geti asiyesema neno, akacheza mgonjwa, akacheza maiti. Miaka ikapita hivyo, na nyumbani alikuwa akisema mambo yanakwenda vizuri.

Hadi siku mzee aliyepangiwa kucheza mlevi alipoumwa, mwongozaji akauliza nani hapa anajua kulewa. Vijana wote wakaanza kuyumba na kuropoka, kila mmoja akimpiga kikumbo mwenzake. Erasmus hakuyumba. Alivua kofia, akauamkia mlango, akakunja mkono wa kushoto, akapita akiimba taratibu. Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko, na tangu siku hiyo akawa mtu.

Waandishi wa habari wakimuuliza amejifunzia wapi, hujibu kwamba ni kipaji tu, Mungu amemjalia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imejinyamazia.

Sasa ushangae akili za watu maarufu. Umeme ulipofika kitongojini kwao, aliyemnunulia Mzee Leonidas televisheni na king'amuzi ni Erasmus mwenyewe, kwa mkono wake, kwa furaha yake. Alijipigia hesabu kwamba mlevi hajioni anavyotembea. Baba yake alikuwa ameacha pombe zamani, tena ni mwenyekiti wa jumuiya, anaongoza rozari. Ataona mwanawe yuko kwenye runinga na kifua kitamjaa. Alichosahau ni kwamba kitongoji kizima kiliuona mwendo ule kwa macho yake, miaka na miaka, na kwamba televisheni ilikuwa ni hiyo moja. Walikuja wote kutazama, wakajaa sebuleni kwa Mzee Leonidas, wakakalia viti vyake, na sehemu ya kwanza tu haijafika katikati jirani mmoja akajipiga paja akasema huyu si Leonidas kabisa!

Mzee alicheka nao. Alivumilia wiki baada ya wiki, maana mgeni humfukuzi. Lakini ikaja ile sehemu ya chupa. Ndani yake Mzee Kibuyu anaanguka njiani, anainuka, anapiga magoti na kuanza kupapasa majanini huku analia kwa uchungu kabisa, "Uko wapi mama, uko wapi mama yangu," na mwisho anachokipata ni chupa yake, anaikumbatia na kuibusu. Nchi nzima ilicheka. Kipande hicho kiliingia kwenye kila simu. Pale Mabawe Mzee Leonidas aliinuka watu wakiwa bado wanafuta machozi ya kicheko, akaingia chumbani, na asubuhi yake televisheni ilihamia stoo ikafunikwa gunia. Jumuiya akaacha kwenda. Akipita barabarani, watoto walimfuata kwa nyuma wamekunja mikono ya kushoto.

Yote haya Agness alikuwa amemweleza kaka yake mara kwa mara, na Erasmus akajifanya hamnazo. Alisema watu wa nyumbani watazoea. Lakini posa ni jambo jingine. Kwao, wageni wa posa hawasemi kilichowaleta mpaka baba mwenye binti akae kitini na kuwauliza. Baba asipouliza, wageni watakunywa soda, watakula mbuzi, watazungumzia mvua, na jioni watapanda gari lao kurudi kwao na neno lao tumboni. Baba mdogo angeweza kushika nafasi, hilo halikatazwi. Agness ndiye aliyekataa. Alisema mdomo wa kumuuliza mkwe ni ule uliomlea, na kama mdomo huo umefungwa, basi na yeye haolewi.

Erasmus akabandua ndevu, akaomba ruhusa, akapanda basi.

Walisimama Nyakanazi asubuhi, malori yamepanga foleni na moshi wa vibanda umetanda. Yuster, mama lishe aliyekuwa akimkopesha chapati enzi za utingo, alimwona kabla hajakanyaga chini vizuri, akawatangazia watu kwamba yeye ndiye aliyemlea huyu. Akamwekea supu na chapati, akakataa malipo, kisha akamwomba kitu kimoja tu, awatembelee kidogo kama Mzee Kibuyu. Watu wakasogea, simu juu. Erasmus akainuka, mkono ukajikunja wenyewe kwa mazoea, na hapo akamkumbuka baba yake akiwa amefungiwa chumbani na mkono huohuo. Akaushusha. Akamwambia Yuster kwamba mgongo umekufa ganzi kwa safari, na Yuster akamtazama sana, akamfungia chapati mbili za njiani.

Nyumbani alifika mchana kwa bodaboda, akamkuta Agness anapiga deki na shangazi yao Scolastica, aliyekuja kutoka Mbuba kwa ajili ya shughuli, anachambua mchele. Kwa shangazi huyo ndiko Erasmus alikopelekwa akiwa mdogo, mama yao Rozalia alipofariki na kumwacha Agness bado wa kunyonya. Alisoma Mbuba, na aliporudi Mabawe alimkuta mdogo wake anakimbia na baba yake ni mlevi. Hivyo ndivyo alivyowakuta, na hivyo ndivyo alivyowajua. Shangazi alimkumbatia, akamnong'oneza kwamba mzee yuko migombani, na kwamba aende na adabu zake.

Mzee Leonidas alikuwa anapunguza majani makavu kwenye migomba, kofia yake ya pama kichwani, kisu mkononi. Alikuwa amekonda. Erasmus alisimama nyuma yake, akakunja mikono, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Kisu kikaendelea. Jani likaanguka, na jingine. Erasmus alirudia salamu yake, na marahaba haikuja. Wewe unayesoma, kama hujawahi kunyimwa marahaba na mzazi wako, mshukuru Mungu, maana hakuna kofi linalouma namna ile. Machozi yalimlengalenga kijana wa watu, akaanza kusema yote kwa pamoja: kwamba amekosa, kwamba ataiacha tamthilia, kwamba atawaomba wakifute kile kipande. Baba yake akamsikiliza mpaka akaishiwa, kisha akamuuliza kwa upole kama maji yakishamwagika huzoleka. Akakaa juu ya shina la mgomba uliokatwa na kumwonyesha naye mahali pa kukaa.

"Kofia umeikumbuka," Mzee Leonidas alisema. "Nyimbo umezikumbuka. Mkono umeukumbuka vizuri sana. Ulikuwa mtoto mwenye macho. Sasa niambie, huu mkono ulidhani ni wa nini?"

"Nilidhani ni pombe, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akachezea kisu, kisha akaanza kueleza, na alieleza akiitazama migomba, si mwanawe.

Rozalia alipozikwa, wanawake walikaa siku za msiba, wakamnyonyesha mtoto kwa zamu, kisha kila mmoja akarudi kwake, kama ilivyo haki. Usiku Agness alilia. Hakulia kitoto, alilia kama mtu aliyejua amefiwa. Leonidas hakuwa mnywaji wakati huo. Alimfunga mtoto kwenye kitenge cha mama yake, akamlaza kwenye mkono wa kushoto, akatoka naye kutembea, na mahali pekee palipokuwa na taa na sauti za watu ni kilabuni. Pale kulikuwa na mama mmoja aliyeuza pombe ya ndizi na maziwa pia. Mtoto alipewa maziwa, na baba alipewa alichopewa. Wakarudi. Alimwimbia njia nzima nyimbo alizozijua, na alizozijua ni za kanisani. Alipofika mlangoni alivua kofia, kwa sababu ukingo wake ulimkwaruza mtoto usoni wakati wa kuinama. Ile ya kuuamkia mwimo, akasema na hapo akatabasamu kidogo, hiyo tu ndiyo ilikuwa pombe.

Ikawa hivyo mwezi kwa mwezi. Mtoto akakua, akaanza kubaki nyumbani na Erasmus aliyekwisha kurudi. Lakini pombe haikubaki nyumbani. Na mkono, kila alipokunywa, uliamini bado umebeba.

"Hata nikianguka, nilianguka upande wa kulia," Mzee Leonidas alisema. "Mwulize yeyote. Sijawahi kuuangukia."

Erasmus hakuhitaji kumwuliza mtu. Kwenye tamthilia pia Mzee Kibuyu huangukia kulia. Alikuwa ameliiga hata hilo, na hakuwahi kujiuliza sababu.

Na sasa alijua neno linalokuja, akatamani lisije. Siku ile ya majanini yeye alikuwepo, kijana wa sekondari, amesimama njiani na wenzake. Alimwona baba yake ameanguka, ameinuka, anapapasa majani na kulia akimwita mama. Wenzake walisema chupa imempotea, wakacheka, naye kwa aibu akacheka pamoja nao. Ndivyo alivyoiweka kichwani, na ndivyo alivyokuja kuiuza.

"Niliamka chini, mkono mtupu," baba yake alisema. "Nikasema nimemwangusha. Nimemwangusha mtoto wa Rozalia majanini. Nikamtafuta, mwana wanje, mwanangu, nikamtafuta. Nikamwita mama, kama nilivyomwita siku zote. Na mtu akanishika bega, kumbe ni yeye, yuko darasa la pili, ana sare za shule, amekuja kunirudisha nyumbani. Sijagusa pombe tangu siku hiyo. Wewe umewaambia watu nilikuwa natafuta chupa."

Erasmus akafunika uso. Alilia mpaka mabega yakamtikisika, na hakukuwa na kamera wala mtu wa kumwambia arudie. Baba yake hakumgusa, lakini hakuondoka pia. Alikaa naye palepale juu ya shina mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Alipoweza kusema, Erasmus aliomba amweleze Agness. Hapo mzee akawa mkali kwa mara ya kwanza. Alisema Agness asiambiwe kamwe, maana atadhani yeye ndiye aliyempeleka baba yake kilabuni, ataingia kwenye ndoa na mzigo huo, ilhali mtoto huyo hakumlemea baba yake hata siku moja. Akainuka, akachukua kisu chake. Erasmus akauliza kuhusu kesho, kuhusu kiti.

"Nimekueleza ili ujue," Mzee Leonidas alisema. "Sijasema nitatoka."

Jumamosi wageni walifika mapema, wamebanana kwenye gari dogo la kukodi na suti zao zimeshika vumbi. Ni Wasukuma waliohamia Biharamulo zamani, watu wa ng'ombe na pamba, wakarimu na wenye sauti kubwa. Kijana mwenyewe, Pius, mwalimu wa shule ya msingi, alikaa nyuma kabisa na kuangalia viatu vyake. Mshenga alikuwa Bulugu, mzee mnene mwenye kicheko cha karibu. Wakaketishwa uani chini ya turubai. Mbele yao kulikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye kitambaa cheupe, na hakuna aliyekikalia. Erasmus aliambiwa na baba zake wadogo akikalie, akakataa, akakaa kwenye kigoda pembeni yake.

Soda zikanywewa. Mvua ikazungumziwa, na bei ya maharage, na barabara. Kila baada ya muda Bulugu alikitazama kile kiti, kisha akautazama mlango wa nyumba uliofunguliwa nusu, kisha akakohoa. Ndani, kwenye chumba cha pili, Agness alikaa na wenzake amejitanda kitenge kipya, akisikiliza ukimya unavyorefuka. Shangazi Scolastica alipita mara nyingi mbele ya chumba cha mzee, na kila alipotoka alikuwa anatikisa kichwa.

Bulugu alikuwa mtu mwema, na mtu mwema hapendi watu wakae wakitaabika. Akaamua kuchangamsha shughuli. Akasema wamebahatika kukaa na mtu wanayemwona kwenye runinga kila wiki, na kwamba kule kwao hata vikongwe wanamjua Mzee Kibuyu. Basi wakati wakimsubiri mzee wa nyumba, je, kijana hawezi kuwaonjesha kidogo? Ile ya chupa, akasema, na wageni wote wakapiga makofi. Wenyeji wakainamisha macho. Kila mtu wa Mabawe pale uani alijua mzee yuko nyuma ya ukuta gani, na anasikia nini.

 Erasmus alifikiri kwamba alichokichukua alikichukua mbele ya watu, na kwamba kukirudisha faraghani migombani hakutoshi. Alifikiri pia kwamba amekatazwa. Lakini alikatazwa kusema, naye hakuwa mtu wa maneno hata kidogo. Akainuka. Akachukua kofia ya pama iliyotundikwa msumarini kando ya mlango, akaivaa. Kisha akamwendea shangazi, akamvua kitenge begani bila kuomba, akakikunja mara kadhaa mpaka kikawa kifurushi kirefu kidogo, akakilaza kwenye mkono wa kushoto.

Akaanza kutembea kutoka upande wa geti. Wageni wakaangua kicheko mara moja, maana mwendo waliujua. Alipepesuka, wakacheka. Akaanza wimbo wa kanisani, wakacheka zaidi. Halafu akasimama, akafunua kidogo ncha ya kitenge kwa kidole, akachungulia ndani, akaifunika tena ili upepo usiingie. Akakwepa jiwe, na alilikwepa kwa mwili wake wote, kama mtu mwenye usingizi wa mwenzake mkononi. Akafika kwenye mwimo wa mlango, akavua kofia kabla ya kuinama, akaiweka mbali na uso wa kile alichokibeba. Kicheko kikapungua, kikabaki kwa watu wawili watatu, kisha hakikubaki kwa mtu. Shangazi Scolastica alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Yeye alikumbuka kitenge cha Rozalia.

"Usilie, mama," Erasmus alikiambia kile kifurushi. "Tumefika nyumbani."

Akageuka kurudi uani, maana alikuwa hajamaliza. Sehemu inayofuata ni ya kuanguka, na mguu wake ulikwisha kuanza kuyumba, mwili ukielekea kulia, mkono wa kushoto ukianza kushuka.

"Polepole!" sauti ikasema mlangoni. "Usianguke naye."

Mzee Leonidas alikuwa ametoka. Alikuwa na shati jeupe la shughuli, maana alikuwa amelivaa tangu alfajiri huko ndani bila kumwambia mtu, na miguuni hakuwa na viatu. Alipita mbele ya wageni bila kuwaona, akamfikia mwanawe, akashika kiwiko chake cha kushoto na kukiinua.

"Umeushusha mno," alisema. "Kichwa chake kilikuwa hapa. Mguu huku, kichwa hapa. Ukiushusha hivyo shingo inaumia."

"Shikamoo, baba," Erasmus alisema.

"Marahaba, mwana wanje. Marahaba."

Akakipokea kile kitenge, akakilaza kwenye mkono wake mwenyewe, na mkono ukakaa pale ulipokaa siku zote. Hapo ndipo Agness alipotoka. Hakuitwa. Binti wa posa hatoki mpaka aitwe, kila mtu anajua, na wenzake walimvuta nguo wakashindwa. Alisimama kizingitini amejitanda kitenge kipya, akamtazama kaka yake, akautazama ule mkono, akatazama kilichokuwa juu yake. Alikuwa mtu aliyemkuta baba yake majanini siku ile na kumshika bega, na kwa miaka yote alikuwa ameamini anaitwa mama na mlevi asiyejua anamwita nani.

"Baba," alisema. "Kumbe ulikuwa unanitafuta mimi?"

Mzee Leonidas akaitikia kwa kichwa. Agness akamjia, akachukua kitenge kutoka mkononi mwake, akampa shangazi, na yeye mwenyewe akaupitisha mkono wake pale, akauegemea.

Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Bulugu alikuwa amevua kofia yake na kuiweka gotini, na alikuwa anautazama mchanga. Erasmus akavuta kile kiti cha mbao, akakisogeza, akakifuta kwa kiganja ingawa kilikuwa safi. Baba yake akakaa. Agness hakukubali kurudi ndani, akakaa chini kwenye mkeka kushoto kwake, na wazee waliona kosa hilo wakanyamaza.

Mzee Leonidas akakohoa, akawatazama wageni mmoja mmoja, akawaamkia kama inavyopasa, akaomba radhi kwa kuwachelewesha. Kisha akawauliza kilichowaleta. Bulugu akasimama. Alikuwa na hotuba ndefu aliyoitunga njia nzima, yenye ua na bustani na mwenye bustani, lakini halikumjia hata neno moja. Akasema tu kwamba wameona kwenye nyumba hii kuna mtu aliyebebwa vizuri, na wamekuja kumwomba.

"Mmemwona," Mzee Leonidas alisema. Akamgeukia Pius kule nyuma, akamwita kwa kidole mpaka kijana akaja akapiga magoti mbele yake. Mzee akaushika mkono wa kushoto wa yule mwalimu, akaukunja taratibu, kiwiko ubavuni, kiganja juu.

"Hivi," alisema. "Na usichoke."